Mbili mbili, tatu tatu au nne nne: kuachanisha watoto kwa hesabu ya Septemba

Likelemba yetu ina watu 12. Kila mwezi tunachanga, na mmoja wetu anabeba zote. Februari hakuna anayeigombania. Septemba, mwaka juzi, ilifanya wamama wawili wapitane njiani miezi mitatu bila salamu. Septemba ndipo shule zinafunguliwa, na kila mtu anataka pesa ziwe mkononi kabla ya mwana kurudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval (ada ya shule).

Mimi ndiye ninayeshika daftari la likelemba. Kazi yangu ya mchana pia ni kushika daftari, katika depo ya bunga (unga), komini ya Kenya (si nchi, ni mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, wageni huchanganya). Mtu akishika daftari muda mrefu huanza kuona vitu. Nilichoona ni hiki: wanaolilia Septemba si wale wenye watoto wengi. Tuna baba mmoja mwenye watoto sita, hajawahi kuniomba mwezi huo. Tuna mama wa watoto wanne, ananiomba kila mwaka. Tofauti yao ni kwamba wa baba wamepangana kama ngazi ndefu, na wa mama wamefuatana kama vidole.

Mke wangu na mimi tuna wawili, tunajadili wa tatu na huenda wa nne. Kwa hiyo niliketi nikaifanya hesabu yenyewe. Naiweka hapa kwa wale wanaojiuliza kama sisi: ukitaka watoto wanne, uwafuatanishe kwa miaka miwili, mitatu, au minne?

Kwanza masharti ya mfano wangu. Watoto wanne, wote wanafika hadi Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari), hakuna anayerudia mwaka. (Najua. Mimi mwenyewe nilirudia mwaka wa tatu.) Nahesabu sekondari peke yake, kwa sababu tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kilivyosema tangu 2006. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wanamlipa mwalimu ile prime (nyongeza ya mshahara) tangu miaka ya 1990. Shati jeupe, suruali ya bluu na madaftari havijawahi kuwa bure, lakini hivyo havivunji nyumba. Sekondari ndiyo inayovunja: miaka 6, yaani wa saba na wa nane, halafu minne ya humanités (sekondari ya juu). Nimeweka mtoto aingie akiwa na miaka 12 na kutoka akiwa na 18.

| | Mbili mbili | Tatu tatu | Nne nne |
|---|---|---|---|
| Miaka yenye mtoto 1 sekondari | 4 | 6 | 12 |
| Miaka yenye watoto 2 kwa pamoja | 4 | 9 | 6 |
| Miaka yenye watoto 3 kwa pamoja | 4 | 0 | 0 |
| Jumla ya minerval za mwaka | 24 | 24 | 24 |
| Mama anamaliza kulea kichanga (chini ya miaka 2) baada ya miaka | 8 | 11 | 14 |
| Mtoto wa mwisho anamaliza sekondari baada ya miaka | 24 | 27 | 30 |

Tazama mstari wa nne. Jumla haibadiliki. Wanne mara sita ni ishirini na nne, uwazae upendavyo. Anayetaka kupunguza jumla apunguze idadi ya watoto, hakuna ujanja mwingine. Kuachanisha hakupunguzi deni. Kunapanga tu siku za kulilipa. Lakini mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi, au kwa kuuza makala (makaa) na nyanya, haanguki kwa sababu ya jumla. Anaanguka mwaka ule minerval tatu zinapodaiwa wiki moja.

Mbili mbili inakupa miaka minne ya namna hiyo. Na hapo sijaweka chuo kikuu: katika miwili ya mwisho ya ile minne, wa kwanza ameshamaliza sekondari, anataka kwenda UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na nyuma yake bado kuna watatu darasani. Ndivyo mtoto wa kwanza, mara nyingi wa kike, anavyoambiwa "subiri kwanza wadogo zako". Anasubiri. Baadaye anaolewa, na mahari yake inalipa Septemba ya wadogo zake. Hilo nimeliona kwenye daftari langu pia, ingawa hakuna aliyeliandika kwa maneno hayo.

Sasa tazama tatu tatu na nne nne. Nilitegemea nne nne ishinde kwa mbali. Haishindi. Katika zote mbili huwahi kuwa na zaidi ya wawili sekondari kwa wakati mmoja. Sababu ni rahisi hadi inaudhi: sekondari ni miaka 6, na 6 kwa 3 ni 2. Ukiachanisha kwa mitatu, yule mkubwa anatoka mlangoni wakati wa tatu anaingia. Nne nne inakuongezea mapumziko, ile miaka ya mtoto mmoja peke yake, 12 badala ya 6. Si kitu kidogo. Lakini malipo yake anayatoa mama: kichanga cha mwisho kinashuka mgongoni miaka mitatu baadaye.

Hapo wanaume huwa tunaruka ukurasa. Mke wangu huleta bidhaa kutoka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia. Mpakani huendi na mtoto wa miezi minne, jua, vumbi, malori yamepangana kilomita nzima. Kila mtoto mchanga ni karibu miaka miwili ambayo biashara yake inarudi kuwa meza ya mbele ya nyumba. Kwake, mbili mbili ina uzuri wake: miaka minane, umemaliza, unarudi barabarani na nguvu zako zote. Nne nne ni miaka 14 ya kuanza na kuacha, kuanza na kuacha, na wateja hawasubiri. Kwa mwenye kazi ya ofisi mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya kazi inampa wiki 14 za likizo ya uzazi kwa theluthi mbili za mshahara, yaani kila mtoto anamgharimu theluthi moja ya wiki 14, karibu mshahara wa wiki tano. Mama wa sokoni hana wiki hata moja. Anayesema kuzaa kwa kufuatanisha ni ujinga hajawahi kumuuliza mama wa sokoni.

Ila mwili una hesabu yake, na hiyo haipatani na mbili mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ongeza miezi 9 ya mimba: 33. Karibu miaka mitatu kutoka mtoto hadi mtoto. Chini ya hapo damu ya mama haijarudi vizuri, mtoto mkubwa anaachishwa ziwa kabla ya wakati, na mdogo ana hatari zaidi ya kuzaliwa njiti. Gharama za hayo hazina mwezi maalumu. Yaya yangu (dada yangu mkubwa) alifuatanisha wa pili na wa tatu kwa miezi 16. Wa tatu akatoka kwa kupasuliwa, na kituo kimoja mjini hapa kikamzuilia siku tisa kitandani hadi tulipokusanya pesa ya kumtoa. Likelemba nzima ya mwezi ule ilienda huko. Hakuna jedwali langu lolote lenye mstari wa kitu kama hicho.

Kwa hiyo mimi nasimama na tatu tatu. Hesabu ya shule na hesabu ya mwili zimekutana mahali pamoja bila kuitana, na mama anapoteza miaka mitatu kulinganisha na mbili mbili badala ya sita.

Kuna watu ambao jibu hilo haliwafai, nao ni aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaopeleka watoto shule za kulipia tangu mwaka wa kwanza wa msingi, ambako ada mara nyingi inatajwa kwa dola wakati mshahara ni wa faranga. Kwao miaka ya kulipa ni 12, si 6. Mbili mbili itawapa miaka sita yenye watoto wote wanne kwa pamoja, tatu tatu miaka mitatu, na nne nne haivuki watatu. Kama ni wewe, nne nne ina maana. Au watoto watatu, ambalo ningelifikiria kwanza. Wa pili ni mama anayeanza akiwa na miaka 30. Kwa nne nne wa mwisho atamzaa akiwa na 42. Kwa tatu tatu 39. Kwa mbili mbili 36. Kuanzia 35 kwenda juu mimba inazidi kuwa na hatari, na kupata mimba yenyewe kunazidi kuwa kugumu. Hapo cha kupunguza ni idadi.

Mama mkwe wangu, nilipomwonyesha jedwali, alilitazama kwa heshima, akalirudisha. "Mwana wangu," akasema, "mtoto anakuja na sahani yake."

Sikumjibu, maana yeye alikulia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa migodi, na kambini ilikuwa kweli. Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi za Wabelgiji, tangu mwisho wa miaka ya 1920, iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache. Ilitaka wafanyakazi wakae, waje na wake zao, wazae hapa. Ikajenga maternité (hospitali ya kuzalia) na shule, na posho ikapimwa kufuatana na idadi ya watu nyumbani: mtoto akiongezeka, bunga inaongezeka. Gécamines, kampuni ya serikali, iliporithi baada ya kutaifishwa 1967 iliendelea hivyo hivyo. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Kwa baba wa kambini, mtoto wa saba hakuwa na bei. Sahani ilikuja naye kwa kweli, na kampuni ndiyo iliyoijaza. Ukifikiria vizuri, wazee wetu walikuwa wanapiga hesabu sawasawa kabisa, ila hesabu ya bei walizokuwa wanaziona.

Halafu bei zikabadilika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa zimeshuka hadi kama 30,000. Posho ikakatika, mishahara ikachelewa miezi, na kuanzia 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Baba mkwe alikuwa mmoja wao. Kampuni ilikufa kama baba, lakini mashauri yake ya uzazi bado yanaishi vinywani mwa mama wakwe.

Nisimwonee. Ana hoja mbili ambazo jedwali langu halizifuti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013-14 ulikuta watoto 104 kati ya kila 1,000 walikuwa wanakufa kabla ya kufikisha miaka mitano, na mwanamke wa Kongo alikuwa anazaa wastani wa watoto 6.6. Namba hizo mbili zinasemezana: aliyezika hazai kwa rula. Na uzeeni, mtu ambaye hakuwahi kuandikishwa popote hana pensheni; pensheni yake ni watoto. Ninachomwambia ni kwamba mtoto mmoja aliyefika Exetat na kupata kazi anatuma kitu kila mwezi, wakati watatu walioishia wa nane wanakuja kuomba. Yeye ananiambia sina hakika na yupi kati yao atanikumbuka. Hapo tunakula bukari (ugali), mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa, ukishachagua tatu tatu, unahitaji njia ya kushika ile nafasi. Jina la Kifaransa la huduma hii, naissances désirables, yaani uzazi unaotakiwa, limetoka enzi za Mobutu, miaka ya 1970. Zinahitajika kama miezi 24 hadi 27 za kinga. Watu hulinganisha njia kwa bei ya dawa. Mimi nalinganisha kwa safari, maana hata dawa ikiwa bure, taksi si bure, na asubuhi nzima kwenye benchi ya kituo ni asubuhi bila mauzo.

Sindano ya miezi mitatu: safari 8 au 9. Ukisahau moja, ngazi yako yote imepinda. Katika matumizi ya kawaida, wanawake kama 4 kati ya 100 wanashika mimba kwa mwaka. Iko ya aina inayochomwa chini ya ngozi ambayo mama akifundishwa anajichoma mwenyewe nyumbani, hiyo inakata safari nyingi. Jambo moja la kujua mapema: baada ya kuacha sindano, uzazi huchelewa miezi kadhaa kurudi kuliko njia nyingine. Kwa anayetaka mitatu kamili, hiyo inaweza kugeuka kuwa minne bila kupenda.

Kijiti cha mkononi: safari mbili, ya kuweka na ya kutoa. Kuna cha fimbo moja cha miaka 3 na cha fimbo mbili cha miaka 5, na vyote hutolewa wakati wowote. Anayeshika mimba ni kama 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Kinachowaudhi wamama ni damu kubadilika: mwezi huu matone, mwezi ujao hakuna, na mume anauliza maswali. Haileti ugumba, ikitolewa, uzazi unarudi. Kabla ya kuwekewa, uliza kituo hicho hicho nani anakitoa na kwa bei gani, maana kuweka hufanywa kwa kampeni na shangwe, kutoa ni kwa miadi. Na kama mama anatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicine, amwambie mwuguzi, kwani zinapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge.

Stérilet ya shaba, kitanzi, nayo ni safari mbili, pamoja na moja ya kuangaliwa. Inakaa hadi miaka 10 na zaidi, haina homoni, chini ya 1 kati ya 100 kwa mwaka. Hedhi inaweza kuwa nzito zaidi. Katika mji ulioishi kwa shaba miaka mia moja, nashangaa hii ndiyo njia inayoogopwa kuliko zote.

Vidonge: 7 kati ya 100 kwa mwaka, na ni kwa sababu ya kusahau, si ya kidonge. Anayenyonyesha asipewe vya homoni mbili kabla ya miezi sita. Kondomu: 13, lakini ndiyo peke yake inayozuia magonjwa. Kumwaga nje: 20. Ikiwa viwango hivyo vitabaki vilevile miaka miwili, wanandoa 24 kati ya 100 wa kondomu na 36 kati ya 100 wa kumwaga nje watakuwa wameteleza na kuingia mbili mbili bila kuichagua. Shanga za kuhesabu siku zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, na mume anayekubali kungoja kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Mengine juu ya mume huyo sijui.

Kunyonyesha peke yake hulinda miezi sita ya kwanza, kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hana miezi sita bado, hedhi haijarudi, na hanywi kitu kingine, hata maji, mchana na usiku. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika. Kwetu linalovunjika ni la maji, bibi akiwa amebaki na mtoto.

Mke wangu alichagua kijiti cha miaka 5. Nilitaka cha miaka 3, kwa sababu kinalingana na jedwali. Akaniuliza kama jedwali langu ndilo litakalobeba mimba. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 inataka wenye ndoa wakubaliane juu ya njia. Wasipoelewana kuhusu njia inayoweza kuondolewa, neno la yule atakayeitumia ndilo linalosimama. Nilikuwa sijaisoma bado siku ile. Yeye alikuwa ameshaambiwa na mwuguzi.

Yaya yangu alinipigia juzi. Wale watoto wake aliowafuatanisha, mwaka huu watatu wako sekondari kwa mara ya kwanza. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza kama daftari la likelemba limeshafungwa, na kama Septemba ina mtu.